Sarafu za Kale za Uingereza na Waamuzi Wake

Siku moja kijana wa pwani alitujia na pauni ya dhahabu, imefungwa katika kitambaa. Ilikuwa mali ya bibi yake, naye bibi aliipata kwa mama yake. Upande mmoja ina sura ya Malkia Victoria katika uzee wake, amejifunika ushungi. Upande wa pili Mtakatifu George amepanda farasi akipigana na joka. Chini umeandikwa mwaka 1899, na juu ya mwaka huo iko herufi ndogo sana, M. Kijana alikuwa amesikia kwamba wako watu Marekani na Uingereza ambao kazi yao ni kuzitazama sarafu na kuzipa daraja kwa namba, na kwamba sarafu yenye namba kubwa huuzwa kwa bei isiyosadikika. Akatuuliza kama inafaa aipeleke huko. Ada ya watu hao si ndogo kwa mtu wa kipato chake, na bibi mwenyewe hakulipenda shauri hili hata kidogo.

Swali lake fupi lina historia ndefu nyuma yake, nasi leo twataka kuisimulia, kwa maana wakusanyaji wa sarafu za Uingereza wenyewe hawajapatana juu yake hata sasa. Wako wasemao kwamba sarafu ya kale isiyopita kwa mwamuzi wa kulipwa haifai kununuliwa. Na wako wasemao kwamba mtu asiyeweza kuihukumu sarafu kwa jicho lake mwenyewe, heri asinunue.

Tuanze mbali. Sarafu ya Uingereza iliyodumu kuliko nyingine ni peni, ambayo zamani za Mfalme Offa wa Mercia, aliyetawala tangu 757 hata 796, ilikuwa ya madini ya fedha. Kwa karne nyingi peni ilifuliwa kwa mkono: kipande chembamba cha fedha kiliwekwa juu ya muhuri wa chuma, muhuri wa pili ukawekwa juu yake, kisha ikashuka nyundo. Na kwa kuwa thamani ya sarafu ilikuwa ndiyo thamani ya fedha iliyomo, kila aliyeishika alikuwa na sababu ya kuishuku. Mfua sarafu aliweza kuichanganya na shaba. Mchuuzi aliweza kupunguza ukingo kwa mkasi, leo kidogo na kesho kidogo, hata akapata vipande vya kutosha kuyeyusha. Mwaka 1124 Mfalme Henry wa Kwanza, alipoona fedha yake imeharibika mno, aliwaita wafua sarafu wa Uingereza mjini Winchester, na wengi wao wakakatwa mkono wa kuume.

Adhabu hiyo ilitisha, bali haikukomesha mikasi. Dawa ilipatikana katika mashine. Tangu mwaka 1662 sarafu za Uingereza zilipigwa kwa mashine, za mviringo kamili, na ukingo wa zile kubwa ukatiwa maneno ya Kilatini, DECUS ET TUTAMEN, maana yake pambo na kinga. Mwenye kukata ukingo alikata maneno, na kila mtu akaona. Lakini zile za nyundo ziliendelea kupita mikononi mwa watu, zimekatwa-katwa, hata mwaka 1696 serikali ilipoanza kuziita zote zirudi ziyeyushwe na kupigwa upya.

Walakini kinga iliyo kubwa zaidi haikuwa katika chuma. Tangu karne ya 13 Waingereza wana desturi ya kuzijaribu sarafu mpya mbele ya watu ambao hawakuzitengeneza. Baadhi yake hutengwa na kutiwa katika sanduku liitwalo kwa neno la kale Pyx. Siku ya majaribio sanduku hufunguliwa mbele ya baraza la masonara wa London, nao huzipima kwa mizani, huyeyusha baadhi yake, na kulinganisha madini na bamba lililohifadhiwa kuwa kipimo. Desturi hiyo ingaliko hata leo. Hata Isaac Newton, mwanachuoni yule ambaye sifa zake zimeenea dunia nzima, na ambaye alifanywa mkuu wa kiwanda cha sarafu mwaka 1699, alijaribiwa hivyo. Mwaka 1710 masonara walisema kwamba dhahabu yake imepungua. Newton hakukubali. Alichunguza, akaonyesha kwamba bamba lile la kipimo, lililofanywa mwaka 1707, lilikuwa safi kupita kiasi cha sheria. Kwa hiyo kosa lilikuwa katika kipimo, wala halikuwa katika sarafu. Twaomba msomaji alikumbuke jambo hili.

Sasa tutazame mkusanyaji. Yeye haulizi tu kama fedha ni safi na uzito ni kamili. Huuliza sarafu imelika kiasi gani: je, nywele za mfalme zahesabika? Je, mng'ao wa siku ya kwanza ungaliko? Je, iko mikwaruzo? Kwa muda mrefu wafanya biashara wa Uingereza walijibu kwa maneno machache tu: sarafu ni nzuri, au nzuri sana, au nzuri mno, au haijapita mikononi mwa watu. Muuzaji alisema neno lake, mnunuzi akaishika sarafu ukingoni kwa vidole viwili, akaigeuza penye mwanga, akasema neno lake, na aghalabu neno la muuzaji lilikuwa juu kidogo kuliko la mnunuzi. Kati ya hayo mawili ilipatikana bei.

Namba zilitoka Marekani. Mwaka 1949 Mmarekani mmoja, William Sheldon, alitoa kitabu juu ya senti kubwa za shaba za nchi yake, akaziwekea kipimo cha tangu 1 hata 70. Shabaha yake ilikuwa bei: senti iliyochakaa kabisa ikiwa yauzwa dola 1, basi ile isiyo na ila yoyote iuzwe dola 70. Soko halikumtii kwa muda mrefu, lakini namba zake zilibaki, zikavuka kutoka senti za shaba hata kufikia sarafu za kila namna. Mwaka 1985 iliundwa kampuni iitwayo PCGS, na mwaka 1987 nyingine iitwayo NGC, zote mbili za Marekani. Mtu hupeleka sarafu yake na ada. Wataalamu huitazama pasipo kujua ni ya nani. Kisha huitia katika kisanduku cha plastiki kisichofunguka ila kwa kuvunjwa, pamoja na karatasi yenye namba ya daraja. Uingereza nako iliundwa kampuni ya kazi hiyo, nayo ikatumia kipimo chake cha tangu 1 hata 100.

Wanaozitetea kampuni hizi wana hoja ya nguvu. Siku hizi mtu aliye Singapore hununua sarafu iliyoko London kwa kuona picha tu, na mafundi wa sarafu za bandia wamekuwa hodari kuliko zamani. Tuchukue peni ya mwaka 1933. Mwaka ule peni zilikuwa tele katika benki, hata hazikupigwa mpya ila chache mno, kama saba hivi, na baadhi yake zikawekwa chini ya mawe ya msingi ya majengo. Moja iliyokuwa chini ya kanisa mjini Leeds iliibwa mwaka 1970. Sarafu ya namna hiyo, ambayo tarakimu moja tu ndiyo iifanyayo kuwa mali, ni kishawishi kikubwa kwa mwenye patasi ndogo na mkono mtulivu. Hapo jicho la mtu wa tatu, asiyeuza wala kununua, ni msaada wa kweli, nasi hatuoni sababu ya kulidharau. Ni hekima ile ile ya masonara na sanduku lao.

Lakini masonara walikuwa na mizani. Uzito hupimika, na usafi wa dhahabu hupimika, na ikiwa kipimo kimekosea, mtu kama Newton aweza kulithibitisha kosa hilo. Je, atathibitishaje mtu kwamba sarafu iliyopewa 64 ilistahili 65? Hapo hapana bamba la kulinganisha. Yako macho ya watu wawili au watatu, na macho huchoka. Yajulikana sana katika biashara hii kwamba sarafu moja ikipelekwa mara mbili yaweza kurudi na namba mbili mbalimbali. Ndiyo maana wako watu wanaovunja visanduku na kuzipeleka sarafu zile zile tena na tena, wakingoja namba ya juu, kwa kuwa kati ya namba na namba bei yaweza kuruka sana. Hilo kwetu si kupima tena, ni kucheza kamari.

Lipo tena jambo la sarafu za nyundo, nalo ndilo liwaudhilo wakusanyaji wengi wa Uingereza. Kipimo cha Sheldon kilizaliwa kwa ajili ya senti za Marekani, zilizopigwa kwa mtambo. Mfua peni wa kale alishika muhuri kwa mkono mmoja na nyundo kwa mkono wa pili. Pigo likianguka upande, nusu ya uso wa mfalme ilitoka vizuri na nusu haikutoka kabisa. Peni ya namna hiyo yaweza kuwa haijawahi kununua hata yai moja sokoni, na hata hivyo pua ya mfalme haipo, kwa sababu haikuwapo tangu mwanzo. Asiyejua husema imelika. Ajuaye hutazama sehemu zilizotoka vizuri, akaona kwamba nywele na herufi zingali kali, akatambua kwamba ni udhaifu wa pigo tu. Kuyaeleza haya kwahitaji sentensi mbili au tatu, wala hapana namba iwezayo kuyasema yote.

Na ile kinga ya ukingoni? Visanduku vingi vya plastiki huubana ukingo hata maneno ya Kilatini hayasomeki. Maneno yaliyowekwa ili mwenye sarafu ajilinde kwa macho yake yamefunikwa na kitu kilichonunuliwa ili kumlinda. Wakusanyaji wa Uingereza hupenda kulitaja jambo hili kwa kicheko, na sisi pia limetuchekesha.

Habari za Sheldon mwenyewe hazichekeshi. Baada ya kufa kwake mwaka 1977 ilikuja kugunduliwa kwamba senti nyingi nzuri za chama cha elimu ya sarafu mjini New York zilikuwa zimebadilishwa: alizitwaa zile bora akaacha zake zilizo duni mahali pake. Kila upande katika mabishano haya huitumia habari hiyo. Mmoja husema, tazama, aliyebuni kipimo hakuwa mwaminifu. Mwingine hujibu kwamba senti zile zingalikuwa zimefungwa katika plastiki pamoja na namba zake, zisingalibadilishwa kwa urahisi hivyo. Nasi twaona kwamba huyu wa pili amesema neno la haki.

Hapa yafaa kuonya juu ya kosa jingine, la kudhani kwamba kila sarafu ya ajabu ni ya bei kubwa. Mfalme Edward wa Nane alitawala kwa muda usiotimia mwaka mmoja, akajiuzulu Desemba 1936, na sarafu zenye kichwa chake hazikupata kutolewa Uingereza. Pauni ya dhahabu ya majaribio yenye kichwa hicho, ya mwaka 1937, iliuzwa mwaka 2020 kwa pauni milioni moja. Lakini Afrika ya Mashariki jina la mfalme huyo lilitumika sokoni! Senti tano na senti kumi za mwaka 1936, zile zenye tundu katikati, zina jina lake, kwa kuwa penye tundu hapahitaji kichwa. Zilipigwa kwa wingi, na hata sasa zapatikana katika masanduku ya wazee kwa bei ndogo. Mwenye nazo azitunze, lakini asikope fedha ili kuzipeleka ng'ambo zikapewe namba.

Wala asizisugue. Kijana wetu alikuwa ameanza kuing'arisha ile pauni kwa majivu, nasi tukamzuia. Jivu na ndimu huondoa ngozi ya juu ya sarafu, na mwamuzi, awe wa kulipwa au mkusanyaji wa kawaida, huliona jambo hilo mara moja.

Tulikwenda pamoja naye kwa sonara. Mizani haikutusaidia: pauni kamili ina gramu 7.98, na hii ilizidi, kwa sababu juu yake imelehemewa kipete cha kuingizia mkufu. Sonara akaisugua juu ya jiwe lake, akatia dawa, akatazama, akasema ni dhahabu ya karati 22, sawasawa na pauni zote. Ile herufi M ilituonyesha kwamba ilipigwa Melbourne, Australia, ambako pauni za mwaka ule zilitoka kwa mamilioni. Tukamwambia kijana kwamba kampuni ingaliisema kuwa ni ya kweli, lakini ingaliitia alama ya kuwa ilifanywa kidani, nayo isingalipata namba ile aitakayo. Thamani yake kwa mnunuzi ni ile dhahabu safi iliyomo, gramu 7.32, na bei yake huandikwa magazetini kila siku.

Alinyamaza kidogo, kisha akatuomba tumsindikize nyumbani, kwa maana aliona haya kuirudisha peke yake. Bibi aliipokea, akaitia katika mkufu wake, wala hakumkaripia mjukuu. Alitaka kujua jambo moja tu: katika miaka yote hiyo hajapata mtu wa kumweleza yule mpanda farasi ni nani, na yule joka amefanya kosa gani.