Kimya cha Wasiojibu

Wahenga walinena kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Maana ya mithali hii ilidhihirika Marekani mwaka 1936, Franklin Roosevelt na Alfred Landon waliposhindania urais.

Jarida la Literary Digest lilikuwa na sifa kubwa ya kuagua uchaguzi. Tangu mwaka 1916 halikupata kumkosea mshindi. Safari hii lilipeleka kwa posta karatasi zipatazo 10,000,000, likitwaa majina katika vitabu vya simu na orodha za wenye motokaa. Zilirudi zaidi ya 2,000,000, nazo zikampa Landon ushindi. George Gallup, aliyeanzisha taasisi yake ya kupima maoni mwaka 1935, aliwauliza watu wachache mno kuliko hao, lakini alijitahidi wafanane na mafungu yote ya raia. Akatangaza kuwa Roosevelt atashinda. Kura zilipohesabiwa, Roosevelt alipata karibu 61 katika kila mia, na Landon akaambulia majimbo 2 tu, Maine na Vermont. Jarida lilikoma mwaka 1938.

Wengi walilaumu simu na motokaa, kwa kuwa maskini wa miaka ile ya dhiki hawakuwa navyo. Neno hilo ni kweli, lakini si kweli yote. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kuwa wapenzi wa Roosevelt waliopata karatasi hawakuzirudisha kwa wingi kama wapinzani wake. Laiti wote wangalijibu, jarida lingalimtaja mshindi. Hapa ndipo elimu ya nafsi inapohitajiwa. Yaelekea mwenye kinyongo ana hamu ya kusema, na aliyeridhika haoni haja. Tangu Machi 1933 Roosevelt alikuwa akizungumza na wananchi majumbani mwao kwa redio, chombo kinachomfikia msikilizaji pasipo kumdai jibu.

Gallup naye alijikwaa mwaka 1948. Aliacha kuuliza kabla siku ya kura haijawadia, akamtabiria Dewey, Truman akashinda.

Leo simu huita zisipokelewe, na katika intaneti wachache wenye kelele huonekana wengi. Vyombo vimebadilika, lakini swali la mwaka 1936 lingalipo: nani hakujibu, na kwa nini? Mpimaji asiyeuliza hilo hupima sauti, akadhani amepima umma.