Kanada na Sheria ya Ridhaa

Katika michezo ya mataifa neno ridhaa lilikaa na heshima kubwa kwa muda mrefu. Mchezaji wa ridhaa ni yule achezaye kwa mapenzi yake, wala hapokei ujira kwa mchezo wake. Neno hili ni tamu masikioni, lakini asili yake haina uzuri mwingi. Katika Uingereza ya karne ya 19 baadhi ya vyama vya michezo viliwakataa mafundi na vibarua, kwa hoja kwamba mtu aishiye kwa nguvu za mikono yake hawezi kuhesabiwa kuwa wa ridhaa. Mwenye mali ndiye aliyekuwa na nafasi ya kucheza bure. Ukali huo ulipungua baadaye, ila fikira yenyewe ilirithiwa na Kamati ya Olimpiki. Katika michezo ya majira ya baridi, Kanada iliteswa nayo sana, tena katika mchezo ambao yenyewe iliufundisha ulimwengu, yaani hoki ya barafu.

Mchezo huu, ambamo watu sita kila upande hugombea kisahani cha mpira mgumu kwa magongo, wakiteleza kwa viatu vyenye vyuma chini ya nyayo, ulipata kanuni zake Montreal katika miaka ya 1870. Mwaka 1917 katika mji huo huo iliundwa Ligi ya Taifa ya Hoki, ambayo wachezaji wake hulipwa. Tangu hapo vijana hodari walielekea penye mshahara, na waliobaki katika vilabu vya ridhaa ndio walioruhusiwa kwenda ng'ambo kwa jina la nchi.

Mwanzoni upungufu huo haukuonekana. Mwaka 1920 kule Antwerp ubingwa ulichukuliwa na Winnipeg Falcons, ambao wengi wao walikuwa wana wa wahamiaji kutoka Iceland, na kadha wa kadha wametoka vitani. Mwaka 1924 kule Chamonix, Toronto Granites waliifunga Chekoslovakia mabao 30 kwa bila, Uswidi 22 kwa bila, na Uswisi 33 kwa bila. Hayo, kwa kweli, hayakuwa mashindano, yalikuwa maonyesho. Onyo la kwanza lilikuja mwaka 1936 kule Garmisch-Partenkirchen, Uingereza ilipoishinda Kanada mabao 2 kwa 1 na kuondoka na dhahabu. Lakini wengi wa hao Waingereza walizaliwa Uingereza wakakulia Kanada, hata mlinda mlango wao, Jimmy Foster, alilelewa Winnipeg. Kanada ilishindwa na mkono wake wa kushoto.

Sheria ile haikuwasumbua wacheza hoki peke yao. Mwaka 1947 Barbara Ann Scott alikuwa bingwa wa dunia wa kuteleza kwa madaha juu ya barafu, na mji wake wa Ottawa ukamtunukia motokaa. Avery Brundage, Mmarekani aliyekuwa mkuu katika Kamati ya Olimpiki, alisema kwamba zawadi hiyo ingemwondoa katika ridhaa. Binti yule aliirudisha, akaenda St. Moritz mwaka 1948 akatwaa dhahabu, ndipo akaipokea tena.

Mwaka 1952 Edmonton Mercurys, waliofadhiliwa na mfanyabiashara wa magari, walileta dhahabu kutoka Oslo. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji: mwaka 1953 Kanada haikupeleka timu katika mashindano ya dunia, na mwaka 1954 ilipeleka Stockholm klabu ya daraja la pili, East York Lyndhursts. Huko ilikutana na wageni wapya. Warusi walikuwa na mchezo wao wa zamani wa mpira juu ya barafu, lakini hoki ya namna ya Kanada waliianzisha mwaka 1946 tu. Baada ya miaka minane waliishinda Kanada 7 kwa 2.

Wachezaji hao wa Muungano wa Kisovieti walikuwa wa ridhaa kwa maandishi. Walio hodari zaidi walikuwa maofisa wa jeshi, na kazi yao ya kila siku ilikuwa hoki, chini ya walimu kama Anatoli Tarasov. Wakanada walilalamika kwamba huo ni udanganyifu. Mimi naona lawama kubwa ni ya sheria yenyewe, maana ilitazama jina la mshahara na kuacha kutazama kazi ifanywayo.

Kanada ilipata ubingwa wa dunia mwaka 1961 kwa Trail Smoke Eaters, kisha ikakaa bila ubingwa huo hadi 1994. Katikati hapo alitokea mtu aliyelichukua neno ridhaa kwa moyo wote. Padri David Bauer alikusanya wanafunzi katika Chuo Kikuu cha British Columbia, wasome na kucheza pamoja, akaenda nao Innsbruck mwaka 1964. Katika mchezo na Uswidi gongo la mchezaji mmoja wa upande wa pili lilimpasua kipaji. Damu ikimtoka, aliwazuia vijana wake wasilipe kisasi. Mwishoni walilingana kwa pointi na Uswidi na Chekoslovakia, lakini kwa hesabu ya mabao wakawekwa nafasi ya nne. Padri alipewa nishani ya uungwana. Vijana walirudi mikono mitupu.

Mwaka 1969 iliafikiwa kwamba Kanada ichezeshe watu tisa wa kulipwa, wasio wa ile ligi kubwa, katika mashindano ya dunia ambayo yangefanyika kwake mwaka 1970. Brundage, sasa rais wa Kamati ya Olimpiki, alionya kwamba watakaocheza nao watahatarisha ridhaa yao. Ruhusa ikafutwa. Kanada ikajitoa, mashindano yakahamishiwa Stockholm, na katika Olimpiki za 1972 na 1976 haikupeleka timu ya hoki.

Mwezi wa Septemba 1972 hatimaye wa kulipwa walikutana na Warusi katika michezo minane. Wengi Kanada walitazamia ushindi mwepesi. Wa kwanza, Montreal, walifungwa 7 kwa 3. Hata hapo fedha ilikuwa na amri yake: Bobby Hull aliachwa kwa sababu alihamia ligi nyingine. Katika mchezo wa sita Bobby Clarke alimpiga Valeri Kharlamov kifundo cha mguu kwa gongo, kitendo ambacho sioni udhuru wake. Bao la Paul Henderson, zikiwa zimesalia sekunde 34 katika mchezo wa mwisho huko Moscow, liliipa Kanada ushindi wa nne. Tatu ilishindwa, mmoja wakatoka sare.

Milango ya Olimpiki ilifunguliwa kwa wachezaji wa Ligi ya Taifa mwaka 1998, na Kanada ikatoka Nagano ya nne. Tarehe 24 Februari 2002, miaka 50 kamili tangu siku ya Oslo, iliishinda Marekani 5 kwa 2 huko Salt Lake City. Wanawake wake walikuwa wametangulia kutwaa dhahabu. Fundi mmoja wa barafu, Mkanada, alikuwa ameificha sarafu ya dola moja ya Kanada chini ya barafu, katikati ya uwanja.