Wavivu wa Paris Baada ya Mei 1968

Filamu ya Jean Eustache, La Maman et la Putain, iliyooneshwa Cannes mwezi Mei 1973, ina urefu wa zaidi ya saa tatu na nusu, na katika muda huo wote karibu hakuna kisa. Kijana Alexandre, asiye na kazi wala nia ya kuitafuta, huamka, huenda mkahawani, husoma, huongea, hurudi kulala. Anaishi kwa Marie, mwenye duka; kisha anamfuata Veronika, muuguzi. Basi. Anayesubiri tukio atachoka mapema.

Mwanahistoria, hata hivyo, ana la kutazama. Mei 1968 wanafunzi wa Paris walijenga vizuizi vya mawe barabarani, na mamilioni ya wafanyakazi wakagoma hata nchi ikasimama. Mazungumzo ya Grenelle yakapandisha kima cha chini cha mshahara kwa asilimia 35. Tarehe 30 Mei Jenerali de Gaulle akalivunja Bunge, na uchaguzi wa Juni ukawapa wafuasi wake ushindi mkubwa. Alexandre ni mabaki ya Mei hiyo. Anasimulia jinsi siku moja alivyokuta mkahawa mzima ukilia. Kumbe bomu la machozi lilikuwa limeangukia pale. Siasa imekwisha kuwa kisa cha kusimulia mezani.

Uvivu wake una tarehe yake pia. Ufaransa ya wakati ule ilikuwa bado na kazi tele, hivyo kukataa kazi kuliweza kuwa msimamo. Oktoba mwaka uleule bei ya mafuta ikaanza kupaa, na katika miaka iliyofuata ukosefu wa ajira ukawa donda la kudumu. Kijana wa miaka kumi baadaye aliyekaa mkahawani mchana kutwa huenda hakuchagua chochote. Tusiwachanganye wawili hawa, kama wanavyofanya wanasiasa wetu kila wanapowakemea vijana wa vijiweni.

Wapo wanaoitumia filamu hii kama ushahidi kwamba Mei 1968 ilishindwa kabisa. Sikubaliani nao. Kutoka kwenye meza ya mkahawa kiwanda hakionekani, wala mshahara ulioongezwa hauonekani. Eustache mwenyewe aliwahi kufanya kazi katika shirika la reli. Aliujua upande huo, akachagua kutouonesha. Hata porojo zinazosikika kama za papo kwa papo aliziandika zote, na waigizaji wakatakiwa kuzisema kama zilivyo. Uvivu huu ulifanyiwa kazi nyingi.

Swali ambalo filamu inalibeba kimyakimya ni hili: nani analipa? Chumba ni cha Marie. Veronika ana zamu zake hospitalini. Mwanamume anaongea juu ya uhuru, wanawake wanaugharimia. Mwaka 1971 wanawake 343 walitia saini tamko la kukiri kwamba waliwahi kutoa mimba, jambo lililokuwa jinai. Sheria ya Waziri Simone Veil ilikuja Januari 1975. Uhuru wa kitandani ulitangulia, sheria ikabaki nyuma. Karibu na mwisho Veronika anaongea kwa muda mrefu huku akilia, uso wake ukielekea kwetu, na Alexandre, bingwa wa maneno, yuko kimya.