Konono N°1: likembe iliyohamia mjini

Familia ikikimbia vita toka Kabambare kuja Kasongo, inabeba watoto, sufuria na mkeka. Ngoma mara nyingi inabaki kijijini. Lakini kuna kundi la Kinshasa lililoonyesha kwamba muziki unaweza kuhama pamoja na wenyewe.

Mawangu Mingiedi, wa kabila la Bazombo wa mpakani na Angola, alianzisha Konono N°1 miaka ya 1960. Mjini, kelele za magari zilimeza sauti ndogo ya likembe. Basi akachukua sumaku za magari mabovu, akatengeneza maikrofoni, akaunganisha likembe na vipaza sauti. Sauti ilitoka ikikwaruza, na watu wakaicheza hivyo hivyo.

Mwaka 2004, kampuni ya Ubelgiji, Crammed Discs, ilitoa albamu yao Congotronics. Wapenzi wa muziki wa kielektroniki huko Ulaya walisikia mdundo kama wa klabu zao, ila umepigwa bila kompyuta. Mwaka 2007, Björk aliwashirikisha katika wimbo wake Earth Intruders.

Mingiedi alifariki mwaka 2015. Mwanawe Augustin alikuwa amekwisha kujifunza kazi hiyo, na kundi likaendelea.