Mnara wa Chelewa: Nani Ameshika Uzi?

Katika kipindi cha sayansi, darasa la nne, mwalimu ametangaza kazi ya vikundi: kujenga mnara. Wanafunzi sita wamezunguka dawati. Mmoja, kwa kawaida yule anayesoma vizuri kuliko wenzake, ameshika vifaa. Wa pili anamwelekeza. Wa tatu, mara nyingi msichana mwenye mwandiko mzuri, anaandika. Watatu waliobaki wanatazama. Mnara ukisimama, kikundi kizima kitapewa alama. Kwa maoni yangu hapo imefanyika kazi ya mtu mmoja au wawili mbele ya mashahidi, na kosa si la watoto. Kosa liko katika jinsi zoezi lilivyopangwa.

Mwanasosholojia Elizabeth Cohen wa Chuo Kikuu cha Stanford alilichunguza jambo hili kwa miaka mingi, na kitabu chake kuhusu upangaji wa kazi za vikundi kilitoka mwaka 1986. Alionyesha kwamba watoto huingia kikundini wakiwa wameshapangana kwa hadhi. Anayedhaniwa hodari huzungumza zaidi na kusikilizwa zaidi, na kwa kuwa kuzungumza na kushika ndiko kunakofundisha, hujifunza zaidi. Pengo tulilotaka kuliziba linapanuka mikononi mwetu. Cohen hakutaka watoto wahubiriwe umoja tu. Alitaka wapewe zoezi linalodai vipaji vya namna nyingi, ambavyo hakuna mtoto mmoja aliye navyo vyote.

Zoezi la mnara linafaa sana hapa. Peter Skillman alilibuni kwa kutumia tambi kavu na peremende laini. Tom Wujec alilitangaza katika hotuba ya mwaka 2010, akieleza kuwa watoto wa chekechea huwashinda wahitimu wa shule za biashara, kwa sababu watoto hujaribu mapema na kurudia, ilhali wakubwa hupanga hadi dakika ya mwisho. Kwetu pwani vifaa havina gharama: njiti 20 za chelewa (uti wa jani la mnazi), uzi wa katani, ndimu moja, na dakika 18. Mnara usimame wenyewe, ndimu ikae kileleni.

Chelewa nayo ina tabia zake. Ni nene shinani na nyembamba nchani, hivyo njiti nzima hupinda ndimu inapowekwa. Anayeikata fupi hupoteza urefu. Anayefunga mbili pamoja, shina la moja kwenye ncha ya nyingine, hupata nguzo inayostahimili. Kisha fremu ya pembe nne huyumba na kulala ubavu, mpaka mtu akatize njiti ya mshazari na kupata pembetatu. Mtoto aliyewahi kumtazama fundi akipiga kenchi anaweza kuliona hilo mapema kuliko bingwa wa kuzidisha na kugawanya. Aliyezoea kufunga mbuzi anajua fundo lisiloteleza. Na fundo lenyewe linataka mikono minne, miwili ishike na miwili ifunge. Hapo hadhi ya darasani huanza kutikisika.

Lakini haianguki yenyewe. Cohen alisisitiza kwamba mwalimu ataje hadharani, kwa usahihi, kile alichofanya mtoto anayedharauliwa. “Fundo lako ndilo lililozuia nguzo isiteleze” ni sifa yenye uzito, kwa sababu wenzake wanaweza kuihakikisha kwa macho. “Mmefanya vizuri” haimwinui yeyote.

Mwalimu mwenye wanafunzi 80 chumbani atasema haya hayawezekani, tena mtihani wa mwisho humpima kila mtoto peke yake, kwa kalamu. Pingamizi hili ni zito, na ndiyo maana urefu wa mnara usiwe kipimo pekee. Nusu ya darasa ijenge, nusu iandike inachokiona, kisha wabadilishane. Baada ya minara kuanguka, na mingi itaanguka, mwalimu amteue mtoto yeyote wa kikundi, bila taarifa, aeleze nguzo ipi ilianza kupinda na kwa nini. Akishindwa, kikundi kirudi mezani. Hapo yule aliyeshika uzi tangu mwanzo hana budi kugeuka, kumkabidhi mwenzake aliyekuwa akitazama, na kumwonyesha pale nguzo ilipoanza kupinda.