Ustaarabu Bila Gharama: Zaidi ya Miaka 30 ya Mchezo Mmoja

Muhula uliopita, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliinua mkono katika somo langu la historia ya Afrika Magharibi, akaieleza hija ya Mansa Musa ya mwaka 1324 kwa ufasaha kuliko kitabu nilichokuwa nimewaagiza wakisome. Nilipomuuliza ameyasoma wapi hayo, aliinamisha kichwa kana kwamba anaungama kosa: "Kwenye gemu, Mwalimu." Gemu yenyewe inaitwa Civilization. Siku chache baadaye alinifuata ofisini na swali: je, mchezo huo umekuwa bora kadiri matoleo yake yalivyofuatana? Siku ile nilimjibu kwa ufupi. Hapa nalijibu swali lake kwa kirefu, kwa sababu naamini si lake peke yake.

Kwa wasioufahamu, mchezo huu wa kompyuta ulitoka Marekani mwaka 1991, ukiwa kazi ya Sid Meier na Bruce Shelley wa kampuni ya MicroProse. Mchezaji hukabidhiwa taifa moja mwaka 4000 kabla ya Kristo. Hujenga miji, hugundua maarifa, hufanya biashara na vita, hadi aishinde dunia nzima au arushe chombo cha anga kuelekea nyota ya Alpha Centauri. Toleo la saba lilitoka Februari 2025. Sisi walimu twaweza kuupuuza, lakini wapo vijana wanaokutana na historia ya dunia humo kabla ya kukutana nasi darasani.

Kuhusu ufundi, sina ubishi. Toleo la tatu la mwaka 2001 lilimwezesha mchezaji kushinda kwa utamaduni badala ya upanga. La nne, mwaka 2005, liliingiza dini. La tano, mwaka 2010, liliyavunja marundo ya majeshi yaliyokuwa yakisimama mahali pamoja. Hata hivyo, mwanahistoria ana vipimo vyake. Mimi nauliza mambo mawili: nani anahesabiwa kuwa na historia, na gharama ya ukuu inaandikwa wapi?

Kwa kipimo cha kwanza, maendeleo yapo, tena makubwa. Mwaka 1991 mataifa ya kuchagua yalikuwa 14, na ya Afrika yalikuwa mawili tu: Misri na Wazulu. Waliosalia duniani walikuwa ama vijiji vya kuokotea zawadi, ama washenzi waliozuka gizani kuja kuteka miji. Toleo la nne lilimleta Mansa Musa wa Mali, na la tano likamleta Askia wa Songhai. La sita, mwaka 2016, lilimleta Mvemba a Nzinga wa Kongo, na baadaye Amanitore wa Nubia. La saba lina Aksum, Songhai na Buganda. Yumo pia Malkia Amina wa Zazzau, na yumo Ibn Battuta, msafiri aliyefika Kilwa mwaka 1331. Washenzi wa zamani nao wamegeuzwa kuwa jamii huru ambazo mchezaji anaweza kufanya nazo urafiki.

Waswahili nao hatukusahaulika. Toleo la nne lilifunguliwa kwa wimbo wa Kiswahili, "Baba Yetu", uliotungwa na Mmarekani Christopher Tin. Mwaka 2011 ukawa wimbo wa kwanza wa mchezo wa kompyuta kushinda tuzo ya Grammy. Katika toleo la sita, Zanzibar ni mji-dola unaompa bwana wake karafuu na mdalasini, na Kilwa Kisiwani ni jengo la ajabu ambalo Mrusi au Mjerumani aweza kulijenga kwenye ufuko wowote ulio tambarare. Tumeingia mchezoni, ila kama mapambo na bidhaa katika safari ya mtu mwingine.

Kipimo cha pili ndicho kinachonisumbua. Katika toleo la nne, utumwa ulitajwa kwa jina lake. Mtawala aliyeuchagua aliweza kukamilisha jengo papo hapo kwa kuutoa mhanga uhai wa wakazi wake. Idadi ya watu ilipungua mbele ya macho yake, na waliobaki walikaa na kinyongo kwa muda. Baadaye, mataifa mengine yalipoanza kuwakomboa watumwa, raia wa dola iliyochelewa walinung'unika. Lilikuwa jambo la kutisha kuligeuza mchezo, lakini angalau mtu alionekana akifa na hesabu ikaonyesha pengo.

Toleo la sita liliusafisha ubao. Humo mna kadi ya sera iitwayo biashara ya pembetatu, jina lile lile tunalowafundisha wanafunzi kwa mfumo uliounganisha bidhaa za Ulaya, watu wa Afrika na mashamba ya Amerika. Mwenye kadi hiyo hupata dhahabu 4 na imani 1 kwa kila njia ya biashara. Hakuna anayepungua wala anayenung'unika. Na katika mchezo huo huo anatawala Mvemba a Nzinga, mfalme aliyemwandikia João III wa Ureno mwaka 1526 akilalamika kwamba wafanyabiashara wanawakamata watu wake, wakiwamo wana wa waungwana na jamaa zake mwenyewe. Mchezaji anaweza kumfanya mfalme huyo atumie kadi hiyo na kuvuna faida.

Ndivyo ilivyo pia kwa karafuu za Zanzibar. Katika karne ya 19 zililimwa na kuchumwa na watumwa, na soko la watumwa mjini humo halikufungwa hadi mwaka 1873. Mchezoni, karafuu hazina mchumaji.

Mwaka 2018, walipoongezwa Wacree wa Kanada na kiongozi wao Poundmaker, mmoja wa viongozi wa jamii yake alilalamika hadharani kwamba mchezo unaeneza dhana kuwa watu wao nao walitaka kuteka nchi za wengine. Naiona hoja yake kuwa na uzito. Kumwalika mtu mezani ni jambo jema. Kumlazimisha ale kama mwenye nyumba ni jambo jingine.

Lakini tusiwacheke Wamarekani mapema. Neno letu "ustaarabu" lina mzizi wa kujifananisha na Mwarabu, na "mshenzi" ni jina ambalo watu wa pwani waliwapa watu wa bara, hasa wale waliokusudiwa kuuzwa. Tulikuwa na mchezo wetu kabla ya kompyuta. Na hata leo, ripoti zetu za maendeleo huhesabu kilomita za barabara na megawati za umeme, huku waliohamishwa wakitajwa katika kiambatisho ambacho waziri hafiki kukisoma, kama kipo. Nawaomba watumishi wa umma wanaonisoma walitafakari hilo.

Basi jibu langu ni hili. Mchezo umekuwa bora katika kuchagua sura, na umerudi nyuma katika kuweka hesabu. Sura mpya nazipokea kwa furaha, maana kijana aliyeinua mkono darasani asingemjua Mansa Musa bila hizo. Ila historia inayoongeza wafalme na kuwafuta wachukuzi haijawa ya haki. Imekuwa ya adabu tu.

Sikumkataza kucheza. Nilimpa tafsiri ya barua ya mwaka 1526, nikamwomba aisome, kisha aichague Kongo na acheze tena mpaka kadi ile imfikie mkononi. Wiki hii ameniletea kurasa tatu za maswali, na muhula ujao tutaanza somo kwa maswali hayo.