Vijana Wageni katika Kampi za Shaba

Mara nyingi wanafunzi wetu wanatuuliza darasani: « Mwalimu, mwenyeji wa kweli wa Lubumbashi ni nani? » Ulizo hili ni nyepesi mdomoni, lakini miaka ya 1992 na 1993 ulizo la namna hii liliwafukuza katika Katanga maelfu ya watu wenye asili ya Kasai. Basi tutafute jibu katika historia.

Reli ya Kusini ilifika Elisabethville mwaka 1910, na shaba ya kwanza ikayeyushwa mwaka 1911. Wenyeji walikuwa wachache, tena wengi hawakupenda kuacha mashamba yao. Union Minière ikatafuta vijana mbali: kwanza Rhodesia ya Kaskazini, ndiyo Zambia ya leo, kisha, tangu miaka ya 1920, Ruanda-Urundi. Kijana wa Rwanda alivuka ziwa Tanganyika mpaka Albertville (Kalemie ya leo), akapanda treni mpaka Kabalo, akashika meli ya Lualaba mpaka Bukama, halafu treni tena.

Shida ya kwanza ilikuwa tumbo. Kwao alizoea maharagi, viazi vitamu na mtama. Hapa akapewa posho ya unga wa mahindi. Bukari ile tunayoiita leo chakula chetu, kwake ilikuwa kitu kigeni. Wengi waliugua, na wengine hawakuona tena kwao.

Shida ya pili ilikuwa luga. Kapita anaita, kijana anatazama midomo tu. Pole pole akajifunza Kiswahili ya kazi, na kila mutu akatia ndani yake kitu cha kwao. Sikiliza tunavyosema sisi wenyewe: kamutoto, kanyumba, tutoto. Hii ka- na tu- hatukuzipata Unguja. Ni namna ya Kibemba, Kiluba na luga zingine za jirani. Kumbe wageni wale hawakujifunza tu luga ya muji: ndio waliitengeneza.

Shida ya tatu ilikuwa upweke. Mwanzoni wanaume walikuja peke yao kwa kontra fupi. Dawa yao ilikuwa vyama. Katika ngoma ya Mbeni walivaa vizuri, wakapeana vyeo, na zaidi ya kucheza walisaidiana katika ugonjwa na kilio. Mwaka 1928 Union Minière ilianza kontra za miaka mitatu na kuwahimiza wakuje na wake zao. Tusiseme ni huruma tupu: kampuni ilichoka kufundisha watu wapya kila mara. Lakini ndipo watoto walianza kuzaliwa kampini kwa wingi, wakiongea Kiswahili kama luga ya nyumbani.

Shida ya uchumi ya miaka ya 1930 ilipoingia, kazi zikapungua sana na wengi wakarudishwa kwao. Waliotoa nguvu ya ujana wao wakaambiwa tu: rudini. Lakini wengine walibaki, na wajukuu wao wako kati yetu, hata mu madarasa yetu.

Wazee walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa hiyo wanafunzi tunawajibu hivi: wenyeji wa kwanza wa inchi hii wapo, na tuwaheshimu. Lakini muji huu, luga yake na sahani yake, ni kazi ya vijana waliofika bila kujua hata kusalimia. Anayemfukuza mgeni hapa, aanze kwanza kufukuza Kiswahili chake mwenyewe.